Mtikisiko wa Fedha: Mwenye Deni Naye Aokolewe

Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ilipofilisika Septemba 15, 2008, benki ziliogopa kukopeshana hata kwa usiku mmoja. Mwanzoni mwa Oktoba, Marekani ikapitisha sheria ya kutenga hadi dola bilioni 700 za kunusuru sekta ya fedha. Wanauchumi wa mrengo wa kushoto, akiwemo Joseph Stiglitz, waliafiki kwamba serikali lazima iingilie kati. Walichohoji ni kwa nini fedha zianzie juu, kwenye benki, ilhali tatizo lilianzia kwa familia zilizoshindwa kulipa mikopo ya nyumba.

Hoja yao si ya huruma peke yake. Familia inayokimbizana na deni huacha kununua. Duka linakosa wateja, linapunguza wafanyakazi, na hao nao wanashindwa kulipa mikopo yao. Nyumba moja ikipigwa mnada, bei za nyumba za jirani hushuka pia. Ndiyo maana walitaka serikali itumie zaidi wakati wananchi wanabana matumizi. Mpango wa kuchochea uchumi wa Februari 2009 ulikuwa wa dola bilioni 787, na mwanauchumi Paul Krugman alionya mapema kuwa hautoshi. Oktoba mwaka huo ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.

Kwa wenye nyumba, serikali ya Obama ililenga kupunguza marejesho ya familia milioni 3 hadi 4. Kwa maoni yangu, hapa ndipo palipoharibika zaidi. Kazi iliachiwa kampuni zilezile zinazokusanya marejesho. Mkopaji alituma hati za mshahara, akaambiwa hazionekani, akatuma tena, na huku taratibu za mnada zikiendelea. Lengo halikufikiwa.

Njia nyingine ilikwishajaribiwa. Mwaka 1933, chini ya Rais Franklin Roosevelt, liliundwa shirika la umma lililonunua mikopo iliyokwama kutoka kwa wakopeshaji, likawapa hati za dhamana za serikali (ahadi ya kuwalipa baadaye pamoja na riba), kisha likamwandikia mwenye nyumba mkopo mpya. Kabla ya hapo mikopo mingi ilikuwa ya miaka michache, na mwisho wake deni kubwa lilitakiwa kwa mkupuo. Mkopo mpya ulilipwa kidogo kidogo kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 5. Ndani ya miaka mitatu shirika hilo lilikopesha takribani familia milioni moja. Takribani mmoja kati ya watano alipoteza nyumba hata hivyo. Wengine walibaki nazo.

Lakini shirika hilohilo lilichora ramani zilizopaka rangi nyekundu mitaa ya Wamarekani weusi, kama maeneo hatari kukopesha. Kwa hiyo mpango wa namna hii ukiletwa popote, vigezo vya nani anastahili viandikwe ndani ya sheria yenyewe, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa kabla nyumba yake haijatangazwa mnadani.