Usianze na 9: kusimamisha programu kwenye Linux bila kuumiza data

Programu ikiganda kwenye seva, mkono wa wasimamizi wengi hukimbilia kill -9, amri inayoua programu kwa nguvu. Tunawaomba muache mazoea hayo, kwa sababu yanaikata programu katikati ya kazi, na kinachoumia ni data za watu.

Amri ya kill, licha ya jina lake, hutuma ishara tu. Ukiipa namba ya mchakato (programu inayoendelea kufanya kazi) bila kuongeza chochote, inatuma SIGTERM, yaani namba 15. Programu iliyoandikwa vizuri ikiipata humalizia kuandika faili, hufunga miunganisho, hufuta faili za muda, ndipo inatoka. Ctrl na C kwenye terminali hutuma SIGINT, namba 2, ambayo nayo programu inaweza kuishughulikia.

SIGKILL, namba 9, haiifikii programu kabisa. Kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, huiondoa yenyewe. Faili iliyoandikwa nusu hubaki nusu. Faili ya kufuli nayo hubaki, na ukiiwasha programu upya inaweza kugoma ikidhani mwenzake bado anafanya kazi.

Mfano mzuri ni PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Mchakato wake mkuu ukipata SIGTERM, hukataa wateja wapya (programu zinazotaka kuunganishwa nayo) lakini huwasubiri waliomo waondoke wenyewe. Hapo ndipo watu hukosa subira, wakadhani hifadhidata imegoma, wakapiga 9. Wangetuma SIGINT: wateja hukatwa, miamala ambayo haijakamilika hutenguliwa, na hifadhidata hufungwa salama. Ukipiga 9, kumbukumbu ya pamoja haiachiliwi, na michakato midogo inaweza kubaki hai, ikabidi uisafishe kwa mkono kabla ya kuwasha tena.

Kuna wakati hata 9 haifui dafu. Ukitazama kwa ps, amri inayoorodhesha michakato, ukaona herufi D kwenye safu ya hali, mara nyingi mchakato unasubiri jibu la diski ndani ya kerneli, na hautaondoka hadi kusubiri huko kuishe. Kurudia amri hakusaidii, kagua diski.

Kumbuka pia kwamba systemd, programu inayowasha na kuzima huduma kwenye Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida hutuma SIGTERM, husubiri sekunde 90, kisha hupiga SIGKILL. Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, kwa kawaida husubiri sekunde 10 tu. Kama hifadhidata yako huchukua dakika tatu kujifunga, ongeza TimeoutStopSec, yaani muda huo wa kusubiri wa systemd, leo, kabla seva haijahitaji kuzimwa.