Radiomita Haioni Upepo, Inaona Bahari

Nimeulizwa tena: mbona setilaiti "imekosea" upepo, maana boya la kupimia upepo baharini limesoma tofauti? Swali hili nimelijibu mdomoni mara nyingi mno.

Radiomita, kifaa kilichomo kwenye setilaiti, haipimi upepo. Haitumi chochote chini kama rada. Inapokea mawimbi ya maikrowevu yanayotolewa na bahari yenyewe. Bahari tulivu hutoa kidogo. Upepo ukivuma, viwimbi vinaukwaruza uso, na kuanzia kama mita 7 kwa sekunde povu huanza kutapakaa. Povu hutoa mawimbi hayo kwa wingi kuliko maji matupu, kwa hiyo halijoto ya mng'ao, yaani nguvu ya mawimbi hayo ikielezwa kama joto, hupanda. Tunachokipima ni hicho.

Kinachoniudhi ni watu kuichukulia namba yetu kama kipimo cha hewa. Maji hayajui kinachopita mita 10 juu yake. Yanajua msuguano tu. Tunatoa upepo wa kimo cha mita 10 ambao ungeleta msuguano uleule kama tofauti ya joto kati ya hewa na maji isingekuwa na athari. Hewa ya joto ikikaa juu ya maji baridi, upepo wa juu haushiki maji sawasawa, nasi tunasoma chini ya boya. Mkondo nao ukikimbia mita 1 kwa sekunde kuelekea uendako upepo, maji yanahisi upungufu wa mita hiyo moja, ilhali boya lililotiwa nanga halihisi. Tena boya hupima nukta moja, sisi tunachukua wastani wa makumi ya kilomita. Hakuna aliyekosea hapo!

Mwelekeo ni habari nyingine. Radiomita ya SSM/I ya 1987 ilitoa kasi tu. Radiomita ya WindSat ya 2003 ilipata mwelekeo kwa kupima polarisheni kamili, yaani namna zote ambazo mawimbi hutikisika, ila upepo ukiwa dhaifu ishara huzama kwenye kelele za kifaa. Mvua huvuruga mawimbi ya masafa ya gigahezi 37, ila yale ya gigahezi 1.4 yanayopokelewa na setilaiti ya SMAP hupenya vizuri zaidi.

Wasiwasi wangu wa kweli uko kwenye dhoruba. Maboya ya kulinganishia huko ni machache, na mawimbi makubwa ya bahari huyakinga na upepo kila maboya yanaposhuka kwenye mabonde kati ya mawimbi. Modeli zetu za povu hapo zinasimama kwenye vipimo haba. Nikiona mita 45 kwa sekunde kwenye ramani, kwanza naisoma kama kiasi cha povu. Kuiita kasi ya upepo, hapo nasita.