Je, wajua nadharia ya usanifu humsaidiaje mbunifu kazini?

Wengi hudhani kwamba nadharia ya usanifu wa vitu kama mabango ni kanuni za darasani, ambazo mbunifu huzikariri kwanza kisha huzitekeleza kazini hatua kwa hatua. Dhana hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, ni kanuni chache mno katika fani hii zinazoamuru la kufanya. Pili, hata asiyezisoma ana nadharia yake, ila hajawahi kuitamka: kwa mfano imani kwamba kisichosomeka sharti kikuzwe au kipakwe rangi nyekundu, imani ambayo kwa jinsi mabango yetu yalivyo haina upungufu wa wafuasi.

Nadharia humsaidia zaidi katika kutambua kosa liko wapi. Tuchukue bango la nauli katika ofisi ya tiketi stendi ya Mbeya. Kushoto yameorodheshwa majina ya Chimala, Makambako, Mafinga na Iringa, mistari ikiwa imebanana. Nauli zimesukumwa hadi ukingo wa kulia. Abiria wa Mafinga husoma nauli ya Makambako, na ubishi huanzia dirishani. Mbunifu akikuza herufi, mistari huzidi kubanana na tatizo hukua pamoja na herufi zenyewe.

Mwaka 1923, mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha, kwa kutumia nukta tupu, kwamba macho huviweka katika kundi moja vitu vilivyo karibu. Ndivyo tunavyowatazama watu stendi: abiria watatu waliosimama bega kwa bega tunawachukulia kuwa ni wa safari moja, na aliyejitenga hatua chache hatumhesabu nao, hata kama ndiye aliyeshika tiketi zao. Katika bango letu, Mafinga iko karibu zaidi na Makambako kuliko na nauli yake, kwa hiyo jicho huona safu mbili za wima badala ya mistari minne ya ulalo. Dawa ni kusogeza nauli karibu na majina, au kuachanisha mistari.

Hata hivyo, kanuni hiyo haisemi nafasi iwe milimita ngapi, wala haitoi jibu moja pale ukaribu unaposhindana na rangi, yaani unapounganisha vitu ambavyo rangi inavitenganisha. Donald Schön, aliyeandika mwaka 1983 kuhusu namna wataalamu wanavyofikiri wakiwa kazini, alieleza kwamba mbunifu hujaribu, hutazama kilichotokea, kisha hurekebisha. Kwa hiyo mbunifu wetu hana budi kuchapa matoleo mawili, kuyabandika ukutani, na kumwomba abiria asiyejua nauli asome ya Mafinga akiwa nje ya dirisha.