Redio ya Meli Ziwa Nyasa: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Ukimgusia mtu wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, habari za kituo cha redio ya meli, yaani kituo cha nchi kavu kinachosikiliza vyombo vilivyo majini, huenda akakujibu kwamba hayo ni ya Dar es Salaam na Tanga, ya watu wa maji chumvi. Si kweli. Mfumo wa kimataifa wa mawasiliano ya dharura, ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999, uliandaliwa kwa meli za baharini, lakini mawimbi ya VHF, yaani mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana yanayotumiwa na vyombo vya majini, hayachagui maji. Redio ileile hufanya kazi vilevile kati ya Itungi na Mbamba Bay.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni ya nguvu: nunua redio ya wati nyingi, utasikika hadi Malawi. Redio ya kufunga chomboni hutoa wati 25, ya mkononi 5 au 6, ila kinachoamua hasa ni kimo cha antena, kwa kuwa VHF hufika mbali kidogo tu kuliko macho. Mitumbwi miwili yenye antena mita 2 juu ya maji husikilizana kwa kilomita 12 hivi. Antena ya kituo ikiwa mita 100 juu ya ziwa, mtumbwi huohuo unaweza kusikika kutoka kilomita 47. Watu wa Mbeya wanaiona minara ya mawasiliano kwenye kilele cha Mlima Loleza. Haikupandishwa kule kwa urembo. Lakini mlima ukikaa katikati ni kizuizi. Kituo kikijengwa nyuma ya mgongo wa Milima ya Livingstone, aliye ziwani huenda asisikike kabisa.

Wengine hudhani mhudumu wa kituo ni mtangazaji. Kazi yake kubwa ni kusikiliza, saa 24, chaneli 16, yaani megahezi 156.8. Kwenye chaneli hiyo anayesema hasikii, na kitufe cha kipaza sauti kikinasa, huziba chaneli kwa wote walio karibu. Mikwaruzo nayo si ubovu: ukikaza mno skwelchi, yaani kirungu cha kunyamazisha makelele, ili chumba kitulie, sauti dhaifu ya aliye mbali inakatwa pamoja na makelele.

Simu inatosha? Humfikia mmoja, tena palipo na mtandao. Wito wa chaneli 16 husikika kwa kila chombo jirani kinachosikiliza, na jirani ndiye anayewahi.

Kuhusu kitufe chekundu cha dharura kilicho kwenye redio: hutuma wito wa dijitali chaneli 70, lakini hakijui ulipo mpaka GPS iunganishwe au uingize mahali mwenyewe, na kinahitaji namba ya utambulisho ya tarakimu 9 (za Tanzania huanza na 674 au 677). Ukishakibonyeza, hamia 16: Mayday (neno la kimataifa la kuomba msaada maisha yakiwa hatarini) mara tatu, jina la chombo, mahali, tatizo, idadi ya watu. Kama vipimo vya ramani huna, taja unachokiona: nipo kusini mwa Matema, milima iko mashariki kwangu.