Taa Yenye Ukungu: Kabla Hujalileta Gari Kukaguliwa

Malalamiko yanayotufikia siku hizi ni ya aina mbili, na mara nyingi yanatoka kwa mtu yule yule. Asubuhi dereva anateta kwamba gari lake limeangushwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya taa ambazo, kwa maneno yake, "zinawaka vizuri kabisa." Usiku, akiwa barabara ya Southern Bypass jijini Nairobi, anateta kwamba magari yanayomjia yanampofusha. Mzizi ni mmoja. Taa imefifia, mwenye gari anaweka balbu kali zaidi badala ya kushughulikia kifuniko, na kifuniko chenye ukungu kinautawanya mwanga huo hadi machoni pa wengine huku barabara ikibaki giza.

Kifuniko cha taa za kisasa ni plastiki ngumu, polikaboneti, iliyopakwa kiwandani tabaka jembamba la kuzuia miale ya urujuanimno (UV) ya jua. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, na miale hiyo haipungui sana kwa sababu wewe umevaa sweta Julai. Gari huruhusiwa kuingia nchini Kenya likiwa na umri usiozidi miaka 8. Likiwa na miaka hiyo tayari, kisha likaegeshwa juani kutwa, tabaka linachakaa na plastiki inageuka manjano. (Peugeot 504 za zamani hazikuwa na shida hii. Taa zake zilikuwa za kioo, na kioo hakipigwi msasa.)

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2018: kifuniko kilichochakaa kilitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya, na kikirekebishwa kikafika kama asilimia 70. Si mpya, lakini tofauti hiyo inatosha kumwona mtu anayevuka barabara usiku.

Sasa, dawa ya meno, ambayo wengi huisugulia taa. Ndiyo, ina chembe za kusugua na taa itang'aa kwa siku kadhaa. Pia inakwangua tabaka lililobaki, kwa hiyo ukungu hurudi, tena kwa haraka. Dawa ya kupuliza ya kufukuza mbu ni mbaya zaidi, maana inaiyeyusha plastiki juu juu. Ule mng'ao unaouona ni uharibifu. Tumeeleza haya mara nyingi.

Kazi yenyewe fundi wa rangi mwangalifu anaiweza. Taa ioshwe, rangi ya bodi izungushiwe tepu, kisha msasa wa maji: namba 800 iwapo tabaka la zamani linabanduka, la sivyo aanze na 1000, aende 1500, 2000, na ikiwezekana 3000. Maji yatachuruzika ya manjano mwanzoni. Asiache namba ya kwanza mpaka yawe meupe. Taa itaonekana mbaya kuliko ilivyokuja. Usimkatize. Baadaye polishi, kisha ifutwe kwa spiriti, na mwisho ipakwe klia (rangi angavu ya juu) yenye kinga ya jua. Hatua hii ya mwisho ndiyo mafundi wengi wanairuka kwa sababu mteja ameshafurahi na ameshalipa. Uliza kabla ya kulipa. Klia ya kuchanganywa na kikaushio hudumu zaidi, ila fundi avae barakoa maalumu ya kupulizia rangi, si kitambaa.

Unyevu ulio ndani ya taa hautoki kwa msasa. Hapo tatizo ni mpira wa kuziba au ufa, na pengine taa ibadilishwe. Ukienda kununua iliyotumika Kirinyaga Road, hakikisha haikutoka kwenye gari la usukani wa kushoto: mwanga wake wa dipu (taa za chini) hupanda upande wa kulia, yaani kwa anayekujia.

Kuhusu sheria: kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakitaji rangi ya manjano popote, na kuna watu huja na hoja hiyo. Kinahusu hali ya gari lolote linaloweza kuhatarisha watu, la kibinafsi likiwemo. Adhabu iko kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kiwango hutegemea mahakama. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Nafasi huombwa na kulipiwa mtandaoni kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kisha gari hufikishwa kituoni siku iliyopangwa. Likianguka, dereva hupewa orodha ya kasoro, hurekebisha, na hulirudisha. Kubishana na mkaguzi hakumo katika utaratibu huo, kwa sababu nguvu na mwelekeo wa mwanga hupimwa na mashine.

Taa zikitoka kwa fundi, liegeshe gari mbele ya ukuta jioni, uwashe dipu, uangalie kama michoro miwili ya mwanga iko kimo kimoja. Kama mmoja umepanda, mrudie fundi uliyemlipa kabla hujaja kwetu.