Chuma cheusi nacho hushika kutu

Mvua zikishaanza Kigoma, bawaba na makomeo niliyoyatia weusi wakati wa kiangazi huanza kurudi karakana, na maneno huwa yale yale: "Fundi, si nyeusi hii? Mbona imeshika kutu?" Nimechoka kulijibu swali hili mlangoni, mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nalieleza hapa kwa kirefu.

Weusi ule haupakwi kama rangi. Chuma kikipashwa moto, au kikichemshwa kwenye kostiki soda na naitreti kwa joto la karibu nyuzi 140, uso wake wenyewe hugeuka kuwa magnetaiti. Nayo ni oksidi ya chuma, ila hushikamana na chuma, wakati kutu nyekundu hufura na kumeguka. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi imekwisha. Haijaisha! Tabaka lenyewe lina unene wa mikroni 1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, tena limejaa vitundu. Maji hupita na hewa hupita, na chini yake chuma ni kile kile. Bawaba iliyotiwa weusi ikaachwa kavu inaweza kuanza kutu ndani ya siku chache za unyevu. Weusi unachofanya ni kushika mafuta au nta. Vitundu vile hunywa mafuta, na mafuta ndiyo yanayozuia maji. Mafuta yakiisha, kinga imeisha, hata kama bawaba bado inang'aa kwa weusi.

Anayebisha aikumbuke Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Julai 1916, ilipokuwa bado inaitwa Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, injini zikaonekana bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Miaka ile ziwani, na kilichoziokoa injini zile ni grisi.

Kwa hiyo komeo jeusi lina matunzo yake. Lidondoshee maji: yakijikusanya na kuteleza, liache. Yakitandaa, lifute, likaushe, upake tena. Na geti linalonyeshewa usiku na mchana usiniletee nilitie weusi. Lipige redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe.

Upake nini? Hapa kwetu wengi hukimbilia mawese, na nawasihi waache. Mawese hayakauki. Hubaki yananata, hukusanya vumbi la barabara nzima, na yakichacha asidi yake huanza kula chuma. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi: ina masizi na asidi za injini, inadhuru ngozi, na ukiichoma moshi wake unauvuta wewe na watoto wa jirani. Mimi natumia nta ya nyuki ya Tabora, na sijaona sababu ya kuiacha. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo pasha kipande mpaka nta iyeyuke ikikigusa, ipake iwe nyembamba, kisha futa ziada kwa kitambaa kikavu kabla chuma hakijapoa. Ukipaka nene itanata, halafu utanilaumu mimi.

Wapo wanaosema ziwa letu halina chumvi, basi chuma hakiozi. Kutu inataka maji na oksijeni tu, chumvi huiharakisha. Wengine hununua flatibaa mpya, yaani chuma bapa cha dukani, na kusema hii tayari ni nyeusi. Yale ni magamba ya kiwandani, hupasuka na kuingiza maji chini yake, kwa hiyo yaondoe kwa msasa kwanza.

Na kuna wanaotaka chuma kiive mpaka kiwe chekundu, eti ndipo weusi utakolea. Kikifika hapo kinaota magamba yanayobanduka. Bolti iliyogongwa 8.8 kichwani ilitiwa ugumu kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukiifikisha wekundu umeiua, na ukiirudisha kwenye boti au paa umemhatarisha mtu.

La mwisho halina mjadala. Bolti zilizopakwa zinki hazichomwi. Moshi mweupe unaotoka huleta homa, baridi na kifua kubana saa chache baadaye, na maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa hayazuii chochote. Ukitaka bolti hizo ziwe nyeusi, ziloweke kwenye siki, nje na mbali na moto, maana mapovu yanayotoka ni hidrojeni inayoshika moto. Zinki ikishaisha yote na mng'ao wake umepotea, zioshe kwa maji na sabuni, zikaushe papo hapo, kisha uzipashe.