Vigango, makaburi ya nguzo na magofu ya Malindi: yasemwayo na yaliyo kweli

"Vigango vilivyoachwa kwenye boma la zamani havina mwenyewe."

Kwa maoni yetu, hii ndiyo dhana iliyowapokonya Wagiriama, Mijikenda wa hapa pwani ya Kenya, vigango vingi kuliko nyingine yoyote, ndiyo maana tunaanza nayo.

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, na husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo. Mara nyingi marehemu mwenyewe huja ndotoni, au ugonjwa huingia nyumbani, na mganga akitazama husema mzee anadai kigango chake. Kikishasimikwa hakihamishwi. Watu wa boma wakihamia penye rutuba zaidi, kigango hubaki palepale, na mchwa wakikila au mvua ikikiozesha, ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Hakuna anayelala makaburini, wala hakuna asemaye kwamba makaburi yale yametupwa. Boma lililoota magugu, lenye vigango vitatu vimeinama chini ya mkorosho, lina wenyewe, na wenyewe wanajua ni cha nani kila kimoja.

Wizi wake hufuata njia moja. Dalali hutafuta kijana wa karibu anayejua boma lipi limehamwa, humwahidi hela kidogo, kijana huenda usiku kuking'oa au kukikata kwa msumeno usawa wa ardhi. Kinapita duka la vinyago, kinavuka bahari, na huko kimeuzwa kwa maelfu ya dola kama sanaa ya ukutani. Nyumbani hubaki shimo. Ukame ukija, mtoto akiugua, mavuno yakipotea, wenye kigango wanajua chanzo ni nini, na mara nyingine lawama humwangukia kijana wa ukoo uleule.

Ukikutana nacho dukani, tazama mguu wake. Kilichochongwa juzi kwa ajili ya watalii kina rangi moja juu hadi chini, mara nyingi kimepakwa vanishi. Kilichosimama nje miaka mingi kimepauka kijivu, nyufa zake zinafuata urefu wa mti, rangi imebaki ndani ya mikato ya pembetatu tu, na sehemu ya chini iliyokuwa ardhini ina mashimo ya mchwa na udongo ulioganda. Ukiona udongo huo, usiulize bei. Kila anayeuliza bei humwambia muuzaji kwamba mnunuzi yupo.

"Ni masanamu ya kuabudiwa, kuyaharibu ni kuwasaidia watu."

Kigango hakiabudiwi. Ni alama ya mtu fulani, mwenye jina na watoto, na watu wake humtambikia hapo kwa tembo la mnazi na chakula kidogo, humfunga kitambaa, na humweleza mambo ya nyumbani. Mwislamu au Mkristo anaweza kutokubaliana na tambiko hilo kwa moyo wake wote bila kushika shoka. Na anayedhani hoja hii inawahusu Mijikenda pekee, akumbuke Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012, ambako makaburi ya mawalii yalibomolewa na watu waliodai kuitakasa dini. Ahmad al-Faqi al-Mahdi alihukumiwa miaka 9 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016 kwa kosa hilo. Makaburi ya nguzo ya pwani yetu, yaani yale ya mawe yenye nguzo ndefu juu yake, pamoja na yale mawili yaliyo karibu na Msikiti wa Ijumaa hapa Malindi, ni makaburi ya Waislamu. Shoka likishazoea kigango, halitaulizia dini likifika kwenye nguzo.

"Chini ya makaburi ya nguzo kuna hazina, na yale mabakuli ukutani yana bei kubwa."

Wanaochimba usiku huko magofuni hukuta mifupa, vigae na chokaa. Waswahili wa kale walimzika maiti kwa sanda, bila dhahabu, kama sheria ya Kiislamu inavyotaka. Anayechimba anavunja kaburi la Mwislamu mwenzake, au la jirani wa mababu zake, na anatoka mikono mitupu.

Kuhusu mabakuli ya kaure yaliyopachikwa kwenye nguzo na kuta za makaburi, tueleze jinsi yalivyowekwa, maana hapo ndipo balaa lilipo. Fundi alipaka lipu ya chokaa mbichi, akalisukumiza bakuli ndani mpaka ukingo ukawa sawa na ukuta, kisha akaziba pembeni kwa lipu nyingine. Chokaa ile imekaza kwa karne kadhaa, na kaure ina ukuta mwembamba kuliko kidole. Ukitia bisibisi pembeni, nguvu yote inaangukia ukingo, na ukingo hupasuka kabla chokaa haijaachia. Mwizi hubaki na vipande visivyouzika, na kaburi hubaki na tundu la mviringo lenye duara la kisahani katikati, yaani kile kitako cha bakuli kilichogoma kutoka. Maji ya mvua huingilia tundu hilo, huloanisha udongo na chokaa ya ndani, na masika kadhaa baadaye lipu ya nguzo huanza kubanduka. Matundu ya namna hiyo yapo kwenye makaburi mengi ya pwani, na kila moja ni bakuli lililoharibiwa bila faida kwa mtu yeyote.

Hata kitu kikitoka kizima, thamani yake kubwa imebaki shimoni. Pale Gede, mji wa magofu karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na nyumba nyingi zikapewa majina ya vilivyopatikana ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kauri za baharini. Mkasi ule ukiwa mezani kwa dalali ni chuma chenye kutu. Ukiwa sakafuni mwa nyumba fulani, pamoja na vigae vya umri unaojulikana, unaeleza nani aliishi pale na aliagiza vitu kutoka wapi. Gede ina kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, sawa na 1399, na mwaka huo umesaidia kupima umri wa mengi yaliyolizunguka. Kule Manda, jirani ya Lamu, mwaka 2013 ilitangazwa sarafu ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala 1402 hadi 1424. Ingeokotwa na mtu akaitia mfukoni, ingekuwa sarafu yenye tundu la mraba, basi.

"Nimekiokota shambani kwangu, ni changu."

Sio. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na anayegundua anapewa siku 7 kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Usikioshe wala usikisugue. Acha jembe, weka alama ya kijiti, piga picha kikiwa bado mahali pake, kisha peleka habari.

Kwa Lamu kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalijui: sheria hiyohiyo inalinda milango na miimo yenye nakshi ya Kiafrika au ya Mashariki iliyochongwa kabla ya 1946. Kuing'oa na kuisafirisha kunahitaji kibali, hata kama nyumba ni yako na hati unayo.

"Ukuta wa kale ukipasuka, upige saruji uimarike."

Hii ni nia njema inayobomoa. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwenye uso wake. Saruji inaziba uso huo. Maji yenye chumvi hubaki nyuma yake, chumvi huganda kuwa chembe ndani ya tumbawe, na tumbawe husagika kuwa unga. Baada ya muda saruji hubanduka kama gamba, ikiwa imeng'ang'ania kipande cha ukuta.

Dawa ni chokaa iliyozimwa na kukaa majini wiki kadhaa, sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga. Mchanga usiwe wa ufuoni, na maji yawe matamu. Loanisha ukuta kwanza, paka matabaka membamba, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwani chokaa ikikaushwa haraka na jua hupasuka. Na kwenye jengo lililotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, usianze lolote bila Makumbusho.

"Kikishavuka bahari hakirudi."

Vimerudi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Havikukaa, viliibwa. Mwaka 1999 kimoja kilionekana kwenye slaidi za mkusanyiko wa makumbusho ya Illinois, Marekani, na kingine kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile moja ndiyo iliyoshinda hoja zote, na mwaka 2007 vilipokelewa nyumbani. Makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha 30 mwaka 2014, vikafika Nairobi 2019, na Illinois ikarudisha 37 vingine mwaka 2023. Lakini vingi kati ya hivyo havijulikani ni vya boma gani, kwa sababu hakuna aliyevipiga picha vikiwa vimesimama.

Kwa hiyo, ukiwa umeomba ruhusa kwa wazee wenye kigango, fanya hivi. Nenda saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa la ubavuni. La adhuhuri hufuta kivuli cha nakshi. Piga mbele, nyuma na ubavu wote wawili, kisha karibu kabisa: uso, kila safu ya pembetatu, na kila ufa, maana nyufa za mti hazifanani, ndizo alama za vidole vya kigango. Weka futi ya fundi ndani ya picha. Pima urefu kutoka ardhini, upana na unene, hesabu pembetatu za kila safu. Andika jina la marehemu, ukoo wake, na mwaka kiliposimikwa ikiwa wazee wanaukumbuka. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu, na picha hizo zisipandishwe mtandaoni hata siku moja, kwa kuwa wezi nao wana simu. Nakala moja iliyochapishwa ikae kwa mzee wa ukoo, nyingine ofisi ya Makumbusho ya karibu, hapa Malindi au Gede.

Kikiibwa, nenda polisi siku hiyohiyo ukiwa na picha, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na namba hiyo iandike nyuma ya kila nakala.